Maji Yasiyoshuka

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya maonyesho kufunguliwa, Enid Odling aliketi jikoni kwake na karatasi ya madereva mbele yake, akashindwa kuandika jina la mumewe.

Majina mengine matano alikuwa amekwisha kuyaandika bila kusita. Alikuwa katibu wa Maonyesho ya Injini za Mvuke ya Haverby kwa miaka thelathini na mmoja, na aliwajua wenye injini wote kama alivyojua vikombe vya kabati lake. Zamani orodha ile ilichukua kurasa tatu. Kuna mwaka ziliingia injini arobaini na nne, polisi wakalazimika kuifunga barabara ya Horncastle kwa wingi wa magari ya watazamaji. Siku hizo kila kazi ilikuwa na watu wa kuigombea, hata kazi ya kumwaga ndoo za vyoo. Kisha wazee wakaanza kwenda mmoja mmoja. Watoto wao wakaziuza injini kwa matajiri wenye mabanda makavu, ambao hawazitoi nje hata siku ya jua. Mgodi wa Wales uliokuwa ukiwapa makaa ya mawe ukafungwa, wakawa wanachoma makaa yaliyovuka bahari, yenye moshi mwingi na moto kidogo. Na miongoni mwa waliobaki kujitolea, hapakuwa na hata mmoja mwenye magoti mawili mazima. Mwaka huu injini zilikuwa sita, na ya sita ilikuwa Constance, ya Royston wake.

Haya yalikuwa maonyesho ya arobaini na tisa tangu kiangazi cha ukame cha mwaka 1976. Kijiji kizima kilikuwa na neno moja: tufike hamsini tu.

Chini ya kila jina palikuwa na mstari ambao Enid mwenyewe aliutunga miaka ile, alipodhani ni wa kukamilisha karatasi tu: Namjua dereva huyu, na nathibitisha kwamba anaweza. Kando yake, saini ya katibu.

Tangu mwezi wa tatu Roy alikuwa akimponyoka kidogo kidogo. Aliacha birika tupu juu ya moto. Alimwita Enid kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Siku moja alikwenda Louth kununua misumari, akarudi jioni kwa miguu, yu hoi, gari ameliacha sokoni, naye akakana katakata kwamba alikwenda na gari. Daktari alimpima, akamwambia kwa upole asiendeshe gari tena. Habari ya injini ya mvuke daktari hakuisema, na Enid hakuiuliza.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, Roy akaingia na ovaroli lake la buluu, mikono imejaa mafuta, uso umenawiri. Alikuwa na miaka sabini na minane, na akivaa ovaroli lile hakuna ambaye angemdhania mgonjwa.

"Ushaniandika?" akauliza.

"Naandika."

"Odling. D moja."

"Naijua, Roy. Nimeolewa nayo."

"Basi andika, bata wangu. Unaikodolea macho karatasi kama mtoto kwenye mtihani."

Alimwita bata, kama wanavyoitana watu wa Lincolnshire wakipendana, na alikuwa akimwita hivyo tangu walipokutana kwenye uwanja uleule wa maonyesho, Enid akiwa na miaka ishirini na mitano na gauni jeupe ambalo baada ya siku ile halikuwa jeupe tena.

Saa kumi akapita Clive Maltby, mwenyekiti wa kamati, kuichukua karatasi. Alikuwa amebadilishwa nyonga zote mbili, akitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, akashusha sauti.

"Yukoje mzee?"

"Leo yuko vizuri."

"Na Jumapili?"

"Jumapili haijafika, Clive."

Clive akavitazama viatu vyake. "Mimi sikulazimishi, mama. Anayesaini ni wewe. Ila bila Constance sijui tutawaonyesha watu nini. Tutabaki na injini tano na mbuzi wa Bridget."

"Mbuzi wa Bridget anapendwa."

"Mwaka jana alikula kofia ya diwani."

"Ndiyo maana anapendwa."

Walicheka kidogo, wakaacha. Clive akasema, "Lakini utakuwa naye pale juu, sivyo?"

"Lini sikuwa naye?"

Akaiegemeza karatasi kwenye mlango, akaandika jina la Roy, akaweka saini.

Hakuwa amedanganya. Injini kama Constance haiendeshwi na mtu mmoja. Dereva anashughulika na moto, maji na mvuke; anaupeleka mkono wa mvuke mbele na nyuma, na ndiye anayeamua kwenda na kusimama. Kando yake husimama mshika usukani, ambaye huzungusha gurudumu mara nyingi sana ili minyororo iyageuze magurudumu ya mbele kidogo tu. Enid alimshikia Roy usukani kwa miaka arobaini na saba. Waliokwisha kufanya kazi hiyo wanajua kwamba ni ndoa ya pili. Hamna haja ya kusema. Dereva akikohoa unajua anataka kupunguza mwendo.

Na kazi hiyo ilikuwa na adabu yake. Nyuma ya boila, mbele ya kifua cha dereva, kuna bomba jembamba la kioo linaloonyesha maji yamefika wapi. Kioo hicho ni cha dereva. Mshika usukani hatazami kioo. Anatazama barabara. Ukitazama kioo cha dereva wako, umemwambia mbele za watu kwamba humwamini, na kuna wanaume walioshushana kwenye injini na kukaa miaka bila kusalimiana kwa sababu ya jicho moja tu la namna hiyo. Kwa miaka arobaini na saba Enid hakuwahi kukitazama kioo cha Roy.

Usiku wa Ijumaa alipiga magoti kando ya kitanda, Roy akiwa amekwisha kulala, akamwomba Mungu ampe siku mbili. Hakuomba zaidi. Alisema, Bwana, siku mbili, kisha nitamwambia mimi mwenyewe.

Jumamosi ilinyesha kutwa, na injini hazikutoka kwenye mahema. Ikabaki siku moja.

Jumapili asubuhi ilikuwepo ibada ya uwanjani, kama kila mwaka. Mchungaji alisimama juu ya tela la nyasi, watu waliofika wakakaa kwenye marobota ya nyasi kavu, na viti vya kukunja vilivyobaki vilikuwa vingi kuliko watu. Baada ya wimbo wa mwisho lilifuata jambo ambalo Enid alilingoja na kuliogopa. Katibu husoma majina ya watu wa maonyesho waliofariki tangu mwaka uliopita, na kila jina likisomwa injini moja hupiga honi, moja baada ya nyingine kwa zamu, mpaka majina yaishe. Zamani injini zilikuwa nyingi na majina machache, ikabidi nyingine zinyamaze. Mwaka huu majina yalikuwa tisa.

Enid alisoma. Honi ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Jina la saba likasomwa, na pakawa kimya, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiria nani apige. Halafu Constance akapiga tena. Roy alikuwa ameshika kamba ya honi, amevua kofia, na akapiga ya saba na ya nane na ya tisa yeye peke yake, ndefu, bila kuharakisha.

"Amekumbuka," Bridget Sardeson alimnong'oneza Enid. Bridget ndiye aliyeshika kipaza sauti cha maonyesho, na ndiye mwenye mbuzi. "Mumeo hana ugonjwa wowote. Mimi ndiye niliyesahau."

Enid akashukuru moyoni. Akajiambia kwamba Mungu amejibu.

Saa nane mchana jua likatoka, na injini zikaingia uwanjani kwa ajili ya gwaride kuu. Uwanja wa Haverby uko kwenye ubavu wa kilima, na mwisho wake unainamia kijito. Ni pale chini, mbele ya kamba ya watazamaji, ambapo kila injini husimama ili kipaza sauti kisimulie habari zake. Constance alikuwa wa mwisho, kwa heshima, maana ndiye aliyefungua maonyesho ya kwanza, akiendeshwa na babake Roy.

"Twende, bata wangu," akasema Roy.

Wakaenda. Enid akazungusha usukani, mnyororo ukalia, nyasi zenye maji zikasagika chini ya magurudumu makubwa ya nyuma. Roy alisimama wima, mkono mmoja kwenye mkono wa mvuke, mwingine kiunoni, amenyoosha kidevu. Hakukosea kitu. Alipunguza mahali pa kupunguza, akakohoa mahali pa kukohoa. Mtoto mmoja aliyebebwa mabegani mwa babake alipunga mkono, Roy akamkonyeza.

Wakasimama pale chini, pua ya injini ikiwa imeinamia kijito.

"Na sasa, mabibi na mabwana," sauti ya Bridget ikavuma kwenye vipaza sauti, "huyu ndiye bibi yetu mkubwa. Msimkaribie sana. Ana miaka mia moja na kumi na nane, na bado ana hasira kuliko mimi."

Watu wakacheka. Enid akageuza kichwa kumtazama mumewe acheke naye, na jicho lake likapita kwenye kioo.

Hakukusudia. Kioo kilikuwa nusu. Nusu ni salama, na Enid alikuwa anaondoa macho kwa aibu ya kutazama kisicho chake, ndipo mwili wake ukatambua jambo kabla ya akili. Injini ilikuwa imeinama. Ikiinama mbele, maji hukimbilia mbele, na kwenye kioo kilicho nyuma yanapaswa kushuka. Kila dereva aliyewahi kusimama mahali pale alijaza maji kwanza kwa sababu hiyo. Maji katika kioo cha Constance hayakushuka. Na tena hayakutikisika. Injini nzima ilikuwa inatetema kwa mvuke, vikombe vya mafuta vinagongana, na maji yale yametulia kama yamechorwa.

"Roy," akasema kwa sauti ya chini. "Kioo."

"Nusu. Safi."

"Tumeinamia chini."

Roy akamgeukia. Si hasira aliyoiona Enid usoni pake. Ni mshangao, kisha kitu kama aibu kwa niaba yake, kama mtu aliyemkuta mkewe akipekua mifuko ya koti lake.

"Tangu lini unatazama?" akauliza.

Enid aliinama, akaitazama koki ya chini ya kioo. Kila asubuhi dereva hufunga na kufungua koki za kioo ili kukisafisha, na akimaliza mikono ya koki huachwa inaning'inia wima. Ule wa chini ulikuwa umelala. Kwa kuwa koki ilikuwa imefungwa, maji ya kioo yalikuwa yamekatwa na maji ya boila. Kilichokuwa kinaonekana ni maji ya asubuhi. Roy alikuwa ameyaamini mchana kutwa.

Enid akaifungua koki. Maji yakashuka ndani ya kioo, yakapita robo, yakapita alama ya shaba ya mwisho wa usalama, yakatoweka.

Juu ya moto wa injini, kwenye dari ya tanuri, kuna kizibo chenye madini laini ya risasi ndani yake. Dari ikikauka risasi huyeyuka, na mvuke humwagika juu ya moto na juu ya yeyote aliye mbele yake. Dereva aliyeyeyusha kizibo chake husimuliwa mpaka siku ya kuzikwa. Hiyo ndiyo ikiwa Mungu amesaidia. Ikiwa kizibo hakikuyeyuka kwa wakati, ni boila lenyewe kupasuka. Na hatua nne kutoka pale ilikuwa kamba, na nyuma ya kamba yule mtoto mabegani.

"Nitatia maji," Roy akasema, na mkono wake ukaenda kwenye gurudumu la pampu.

Ni jambo ambalo yeye mwenyewe aliwafundisha madereva wa vizazi viwili wasilifanye kamwe, kumwaga maji baridi juu ya dari iliyokauka. Enid alimshika kifundo cha mkono. Hakuwahi kumshika hivyo maishani.

"Shuka, Roy."

"Mimi ndiye dereva."

"Shuka."

Alimtazama, akashuka. Enid akafunga mlango wa hewa, akaruka chini kwa magoti yake ya miaka sabini na miwili, akachukua koleo, akachota tope la uwanja na nyasi zake, akafungua tanuri na kulitupa juu ya moto. Akachota tena. Clive, aliyeelewa kabla ya wengine, alikuja na mwendo wake wa mayai akipaza sauti watu warudi nyuma, kisha akashika koleo la pili. Bridget alikuwa bado anasimulia habari za mwaka ambao Constance alipura ngano ya parokia nzima. Akaona, akanyamaza katikati ya sentensi.

Moto ukafa. Moshi mweupe mzito ukatambaa juu ya nyasi. Kizibo kilishikilia.

Roy alisimama kando ya gurudumu kubwa, mikono imelegea, akiutazama moto wake uliojaa tope. "Mbele ya watu, Enid," akasema. "Hukuweza kuniambia nyumbani?"

Saa kumi na mbili jioni kamati ilikutana katika hema la chai. Walikuwa watano mezani, na Roy wa sita, kando ya Enid, ovaroli limefungwa hadi shingoni. Mbele ya Clive palikuwa na daftari la usalama. Sheria ni kwamba jambo lolote la boila liandikwe siku hiyohiyo, na jina la dereva.

"Hili fupi tu," Clive akasema. "Koki ile ni kuukuu. Mimi nimeiona. Zimelegea zile, injini ikitikisika zinajifunga zenyewe."

"Kabisa," Bridget akadakia. "Ya jikoni kwangu inajifunguafungua usiku kucha."

"Basi naandika koki kuukuu. Hakuna wa kulaumiwa."

Kila mtu mezani alishusha pumzi. Enid aliona wema wao, wote wakimwegemea ili asianguke. Angenyamaza tu. Kesho Roy angeamka akiwa dereva.

Roy alikuwa hasikilizi kamati. Alikuwa amemgeukia yeye. Macho yake yalikuwa safi sana, kama yalivyokuwa asubuhi alipopiga honi za wale watatu, na Enid akajua kwamba yupo, yupo mzima, na kwamba anauliza kama mtu anayejua kazi yake.

"Enid. Koki ya kioo inaweza kujifunga yenyewe?"

Clive akaanza kusema kitu. Roy akainua kidole, bila ukali, na Clive akanyamaza.

"Niambie wewe. Hawa wananipenda."

Ndani yake Enid aliomba, si kwa maneno. "Hapana, Roy," akasema. "Haijifungi yenyewe."

"Niliiacha mimi."

"Ndiyo."

"Asubuhi nilipokisafisha kioo."

"Ndiyo, mpenzi wangu."

Akaitika kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa. Akanyoosha mkono, Clive akampa kalamu kwa sababu hakuna aliyeweza kumnyima. Roy akalivuta daftari, akaandika mahali pa dereva jina lake lote, Royston Albert Odling, kwa herufi za mtoto mwangalifu. Akasita.

"Leo tarehe ngapi?" akauliza.

Bridget akainuka, akaenda kusimama nje ya hema.

Clive hakuwa na njia ila kuendelea. Alifunua karatasi yake akasema jambo la pili ni mwaka ujao. Alisema shamba tumepewa, mwenye shamba hana neno. Kinachotakiwa ni watu. Akamtazama Enid.

"Mimi siwezi tena, Clive," akasema Enid. "Nikiwa huku na makaratasi, nani atakuwa naye?"

"Mara moja tu. Ya hamsini."

"Ajitokeze mtu mmoja, awe katibu. Nitamfundisha kila kitu. Nitampa daftari zote."

Clive akawatazama waliokuwepo. Aliyekuwa kushoto alikuwa na miaka themanini na moja, na aliyekuwa kulia alikuja na mtungi wa oksijeni. Bridget alikuwa amerudi mlangoni. "Mimi moyo wangu unaendeshwa na betri," akasema. "Mkinipa na kalamu, hata mbuzi atawashangaa." Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Nje, mtu mmoja alikuwa akikunja kamba ya uwanja. Clive akalifunga daftari. Hawakupiga kura. Hapakuwa na cha kupigia.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri Enid alinyoosha mkono kitandani akakuta shuka limepoa. Akashuka, akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akatoka. Taa ya banda ilikuwa inawaka. Walikuwa wamemrudisha Constance jioni, akivutwa na trekta la dizeli, na Roy sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya tanuri, na vijiti vya kuwashia mkononi, anashangaa.

"Njoo uone," akasema. "Kuna mpumbavu amenitia tope motoni."

Enid alishikilia mlango. Kisha akaenda, akakaa juu ya sanduku la spana, akamwambia. Alimwambia yote, koki, kioo, mteremko. Roy alisikiliza, na jinsi habari ilivyokuwa ikiingia, uso wake ulififia, mpaka akaweka vile vijiti chini kimoja kimoja. Alilia. Jana hakulia. Akamuuliza Enid kama kuna aliyeumia, Enid akasema hakuna. Roy akasema basi hatapanda tena. Akaliomba radhi boila, akaligusa kwa kiganja. Wakarudi ndani wakanywa chai.

Jumanne saa kumi na moja shuka lilikuwa limepoa.

Enid alibaki amelala kidogo, akisikiliza mlango wa banda ukisukumwa. Alikuwa amemwomba Mungu amsaidie kumwambia Roy ukweli, naye akasaidiwa. Hakuwa amejua kwamba atausema kila siku, na kwamba kila siku ungekuwa mpya kwa Roy na mkongwe kwake. Kando ya mahali pale pa baridi kitandani alisali Baba Yetu mpaka mwisho, kisha akavaa koti.

Banda lilinuka majivu yenye maji. Roy aligeuka na vijiti vyake.

"Kuna mpumbavu," akasema, "amenitia tope motoni."

Enid akakaa kwenye sanduku. Akamwambia, kwa maneno machache kuliko ya jana, kwa sababu alikuwa ameshajua yapi yanachoma zaidi. Roy aliweka vijiti chini. Alikaa juu ya rundo la makaa, mikono katikati ya magoti, kisha akanyanyua uso.

"Ilikuwa kwenye gwaride?"

"Ndiyo."

"Pale chini, kwenye kamba."

"Palepale."

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Wengi?"

Enid aliyaona mbele yake yale marobota matupu ya ibada, na ile safu moja kando ya kamba, na viti vya kukunja ambavyo yeye na Bridget walivirudisha ghalani bila hata kuvifungua. Akauchukua mkono wa mumewe uliojaa masizi, akaufunika kwa wake.

"Wengi, Roy," akasema. "Barabara ya Horncastle ilifungwa."